Ukuta unatoa unga mweupe, mume anataka mnara wa tenki: tuanze na kipi?

Mama_Mwiko

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri wa ujenzi. Wale wa "mwanamke na zege wapi na wapi" leo mpumzike kidogo.

Mimi na mume wangu tulinunua pagale huku Chanika, vyumba vitatu, limeshaezekwa. Tulihamia lina milango ya nje tu, vyumbani tukaning'iniza mapazia. Fundi tuliyemwita kupiga hesabu ya kumalizia alitaja hela ya ufundi inayokaribia bei ya vifaa vyenyewe. Tukaangaliana, tukamshukuru, tukamsindikiza hadi barabarani. Tangu hapo kazi tunafanya wenyewe wikiendi. Yeye ni mwalimu, mimi nauza nguo, hakuna aliyesomea ujenzi.

Mpaka sasa marumaru za sebuleni na korido nimebandika mimi, yeye anakata na kukoroga. Skimu tumepiga, rangi tumepaka, na wageni wakija wanauliza namba ya fundi. Umeme tulimwachia mtu mwenye leseni, hapo hatukubishana. Kwenye korido kuna marumaru chache ukizigonga zinalia kama kuna uwazi chini, ila hazijacheza, kwa hiyo nimeziacha kwanza.

Kinachotugombanisha ni mambo mawili.

La kwanza ni ukuta wa chumba cha watoto. Kuanzia sakafuni hadi magotini rangi inavimba, ukiigusa inabanduka na nyuma yake kuna unga mweupe. Nimeulamba, una chumvi (msicheke). Mume wangu alikwangua akapaka rangi ya mafuta, akisema hiyo haipitishi maji. Mvua za vuli zilipokolea, malengelenge yakarudi makubwa kuliko ya mwanzo.

La pili ni tenki. Tunalo la lita 3000, limekaa uani linapigwa jua. Bomba huku linatoka kwa zamu. Baba watoto anataka tujenge mnara wa mita 3: kuta nne za tofali za inchi 6, juu tupange mbao, tenki likae hapo. Anasema ni sawa na kujenga chumba kidogo. Mimi moyo unakataa ila hoja sina.

Hela iliyopo inatosha jambo moja kabla ya masika. Tuanze na lipi?

---

Kokoto_Nyeusi

Mume anakata, mke anabandika, na bado mnaongea? Hongereni sana. Sisi tulipaka rangi chumba kimoja tu, nikalala sebuleni wiki nzima.

---

Fundi_Mzee

Mwanangu, kabla sijasema kitu nijibu haya. Nyumba ina gata, ule mfereji wa kukinga maji kwenye ukingo wa bati? Udongo wa nje umefika wapi ukilinganisha na sakafu ya ndani? Aliyemwaga jamvi, yaani zege la sakafu, aliweka nailoni ya kuzuia unyevu chini? Na huo ukuta unaovimba, ndio upande bati linapomwagia maji?

---

Mama_Mwiko

Shikamoo mzee. Gata hakuna. Udongo wa nje umepanda, mvua inasomba mchanga kutoka kwa jirani wa juu, sasa umelingana na sakafu, sehemu nyingine umezidi kidogo. Ya nailoni siwezi kujua, tulikuta jamvi limeshamwagwa. Na ndiyo, bati linamwagia upande huohuo. Chini kuna mfereji umechimbika kwa matone, unaenda sambamba na ukuta.

---

Fundi_Mzee

Marahaba. Basi ugonjwa umeshautaja mwenyewe.

Tofali na lipu vinanyonya maji. Maji ya bati yanaanguka mguuni mwa ukuta, udongo umepanda unayashikilia hapo, ukuta unayavuta kwenda juu. Njiani yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye mchanga, kwenye saruji na kwenye udongo. Yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki. Ndio huo unga ulioulamba. Chumvi ikikauka inatanuka, inasukuma rangi kutoka ndani. Ukipaka rangi ya mafuta umeziba mlango wa kutokea, maji yanatafuta pengine pa kutokea au yanapanda juu zaidi. Chunguza, nadhani sasa hivi alama imeshapita pale ilipokuwa mwanzo.

Ukitaka uhakika chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani sehemu iliyovimba, gundi pande zote nne, uache siku moja au mbili. Jasho likiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta. Likiwa juu yake, upande wa chumbani, ni hewa ya chumba na dawa yake ni dirisha.

Kazi yenyewe ianzie nje, ndani baadaye. Fungeni gata. Chimbeni udongo wa nje ushuke chini ya sakafu, sentimita 15 si mbaya. Halafu mwageni zege jembamba kuizunguka nyumba, upana kama mita moja, liiname kwenda nje. Kazi hii mnaiweza wenyewe, ni koleo na pima maji tu.

Ndani bandueni lipu mpaka mlione tofali, mpite sentimita 30 au zaidi juu ya mwisho wa alama. Msipige lipu mpya papo hapo! Uacheni ukuta ukauke, na haukauki kwa wiki moja. Watoto wahamisheni kwingine. Chumvi inayojitokeza ifagieni kwa brashi kavu. Ukiosha kwa maji unairudisha ndani. Lipu mpya itumie mchanga wa mto uliochekechwa, saruji moja kwa mchanga nne au tano, na rangi ya maji.

Kama nailoni ya chini haipo, unyevu kidogo utabaki. Lakini kidogo na huo mlio nao ni vitu viwili tofauti.

---

Mtu_wa_Unguja

Naongezea hapo kwa mzee. Huku kwetu nyumba kongwe za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa chokaa unapumua. Watu walipokuja kuzipiga lipu ya saruji ngumu unyevu ukafungiwa ndani, kuta zikaanza kumong'onyoka. Nyumba yako ni ya tofali za saruji, si sawa na hizo, lakini kile kilichotokea kwenye rangi ya mafuta ndicho hichohicho. Bibie, mwambie bwana rangi ya mafuta aipeleke kwenye milango.

---

Mwalimu_na_Koleo

Habari wakuu. Mimi ndiye huyo bwana.

Nimesoma yote, ya ukuta nakubali. Ila mnara sijaona mtu akieleza. Nataka maji yaingie bafuni na jikoni kwa presha yake, umeme uwepo usiwepo. Nimeona minara ya tofali mitaani kibao na imesimama. Sisi tumejifunza marumaru, tumejifunza skimu, kwa nini hili tushindwe?

---

Kokoto_Nyeusi

Kimenuka. Nimekaa pale na karanga zangu.

---

Zege_la_Kesho

Mwalimu, nimesomea haya mambo, kwa hiyo twende kwa hesabu, utanielewa.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 3000 ni tani 3, hujaweka tenki lenyewe. Chumba chako kinabeba kenchi (mbao za paa) na bati, uzito mdogo ulioenea kwenye kuta ndefu. Mnara unabeba tani 3 juu ya kieneo kama meza ya kulia, mita 3 kutoka chini. Hapo msingi ukizama upande mmoja kidogo tu, juu linainama, maji yanaegemea huko, na uzito unahamia upande uleule unaozama.

Mbao nazo hapana. Tenki la plastiki linataka kukalia sehemu tambarare chini yote. Ukiliweka juu ya mbao zenye nafasi, kitako kinabonyea kwenye nafasi, na miaka michache ya jua inatosha kulipasua. Mbao zenyewe zikilowa na kukauka kila siku zinaoza zikiwa zimebeba tani 3.

Kuna kitu kingine watu hawakifikirii: tenki tupu. Likijaa halisogezwi, likiwa tupu mita 3 juu upepo wa masika unalibeba. Lazima lifungwe.

Sasa presha, ambayo ndiyo sababu yako kubwa. Kila mita 10 za kimo zinakupa ba 1 (ba ni kipimo cha presha). Mnara wa mita 3, bomba la mvua bafuni liko kama mita 2 kutoka sakafuni. Inabaki mita 1, yaani ba 0.1 maji yanapokaribia kwisha. Tenki likijaa utapata zaidi, lakini bado ni ya kuoga kwa subira, na heta nyingi za maji za papo kwa papo haziwaki kwa presha hiyo. Unajenga tani 3 angani ili upate mchirizi.

Mnara wa kweli ni nguzo za zege zenye nondo, msingi wa kila nguzo, mikanda ya kuziunganisha na sakafu ya zege juu. Huo unachorwa na mtu aliyeuona udongo wako, na halmashauri nao wanataka kibali. Vipimo vyake sitaviandika hapa, maana najua mtu atavinakili akajenge kwenye udongo wa mfinyanzi.

---

Bati_Geji28

Mnatisha watu bure. Wa kwangu ni wa tofali, nimejenga mwenyewe na shemeji yangu, una miaka saba na hauna hata ufa.

---

Zege_la_Kesho

Mkuu, tenki lako la lita ngapi na mnara una kimo gani?

---

Bati_Geji28

Lita 500. Mita moja na nusu.

---

Zege_la_Kesho

Nusu tani, kimo cha kiunoni na kidogo juu. Asante, huo hata mimi ningejenga na shemeji.

---

Fundi_Mzee

Na tofali zenyewe mwalimu umezipata wapi? Siku hizi mtaani mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali hadi unashangaa. Chukua moja iachie kutoka kifuani iangukie udongo mgumu. Ikimeguka vipande kama mkate mkavu, hiyo haibebi hata uzio wa maana.

---

Dada_wa_Simiyu

Samahani, mbona naona mna tatizo moja na si mawili? Maji ya bati yanaharibu ukuta, na hapohapo mnalia hamna maji. Kamateni hayohayo.

Hesabu yake nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Pimeni nyumba kwa chini, hadi mwisho wa bati, msipime mteremko wa paa. Tuseme ni mita 10 kwa 12, hiyo ni 120. Mvua ya milimita 30 inatoa lita 3600. Toeni kama asilimia 20 inayoruka na kupotea, inabaki karibu 2900. Mvua moja nzuri ya masika inajaza hilo tenki lenu likiwa limekaa chini kwenye zege lake. Huku kwetu kwenye ukame tunaota bati lenye mvua ya Dar.

Presha baadaye wekeni pampu ndogo ya nusu hosipawa. Umeme ukikatika kuna koki ya chini na ndoo, hakuna aliyekufa.

---

Mwalimu_na_Koleo

Hapo kwa ba 0.1 nimekaa chini. Nilikuwa napima kutoka sakafuni, bomba la mvua nililisahau juu.

Dada wa Simiyu, nimezunguka nyumba na futi kamba, ni 9 kwa 11 na kidogo. Kwa hiyo tenki chini, gata pande mbili. Lakini pampu itakuja mwakani, hela haitoshi.

---

Mama_Mwiko

Naomba mjue nimesoma hiyo sehemu ya ba kwa sauti mara mbili wakati wa chakula.

Ya nailoni: tulibandika juzi, jasho limekaa nyuma, upande wa ukuta. Watoto wameshahamia chumbani kwetu, mtuombee. Jana tumeanza kuushusha udongo wa nje. Chini yake tumekuta lipu ya nje imeloa mpaka inachoteka kwa kidole.

Sasa niambieni gata inafungwaje. Tumepata za plastiki. Aliyetuuzia anasema zifungwe "sawasawa", mume wangu anasema ziiname. Fasia yetu, ule ubao wa ukingoni mwa paa gata inapofungwa, ina sehemu imepinda.

---

Fundi_Mzee

Mume wako yuko sahihi, ila kuinama kidogo tu. Sentimita moja kwa kila mita mbili inatosha, ikizidi utaiona kwa macho na nyumba itaonekana imelewa. Msifuate fasia, hiyo imepinda. Pigeni msumari mwanzo wa gata na mwingine mwisho, mvute kamba, mwisho ushuke kwa hesabu hiyo. Vishikio vyote vifuate kamba. Kati ya kishikio na kishikio iwe sentimita 60 hivi, msibanie, gata ikijaa maji ni nzito. Mdomo wa bati uingie ndani ya gata kidogo, usifike katikati, la sivyo maji ya mvua kubwa yataruka ng'ambo.

Kabla ya kuunganisha bomba la kushuka, mwagieni ndoo ya maji mwanzo wa gata, mmoja awe juu ya ngazi na mwingine ashike ngazi. Mkiona dimbwi mahali, kishikio cha hapo kimeshuka.

---

Mwalimu_na_Koleo

Mvua ya kwanza inashuka na vumbi na mavi ya ndege. Nayo iingie tenkini?

---

Dada_wa_Simiyu

Hapana. Kwenye bomba la kushuka wekeni njia panda kabla ya tenki. Mkono mmoja uende tenkini, mwingine ushuke wima hadi karibu na ardhi, uzibwe kwa kifuniko cha kufungua kwa mkono. Maji machafu ya mwanzo yanajaza hilo bomba la wima, likijaa yanayofuata yanageukia tenkini. Bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 kwa kila mita, ni kidogo kwa bati lenu, kwa hiyo lifanyeni refu au muunganishe na pipa dogo. Mvua ikikatika mnafungua kifuniko, mnamwagia mchicha. Mdomoni mwa tenki wekeni wavu wa mbu, na bomba la kufurika lipelekeni mbali na ukuta huo mnaoukausha.

---

Mama_Mwiko

Bomba la kufurika! Yeye alikuwa analielekeza palepale chini ya dirisha la watoto. Nashuka dukani kuulizia njia panda ya inchi 4.