Naomba ushauri: mama hawezi kumeza baada ya mionzi

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Niko Ujiji, Kigoma, namuuguza mama mwenye saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni). Amemaliza mionzi Mwanza. Daktari alisema koo litaendelea kuuma kwa wiki kadhaa, na kweli linauma. Ugali wa muhogo haupiti. Migebuka, samaki anaowapenda kuliko wote, sasa harufu tu inamtapisha. Machungwa na nanasi vinamchoma, nimeacha. Uji wa ulezi wenye maziwa na karanga zilizosagwa laini anakunywa kidogo kidogo ukiwa umepoa, parachichi lililopondwa nalo linashuka. Lakini anazidi kukonda, naumia sana kumwona hivi.

Mliowahi kuuguza: dagaa wakavu nikiwasaga unga nichanganye kwenye uji, harufu naipunguzaje? Na mawese kidogo yatamwongezea nguvu au yatazidisha kichefuchefu?