Saruji ipunguzwe kwa lazima, majivu ya viwandani yaingie kwenye zege?

Mleta mada
Wakuu, wapo wanaotaka kanuni za ujenzi zilazimishe sehemu ya saruji kwenye zege itolewe, nafasi yake ichukuliwe na mabaki ya viwandani. Wanayoyasema ni majivu laini yanayonaswa kwenye mabomba ya moshi ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, na slagi, ule uchafu unaoelea juu ya chuma kilichoyeyuka tanurini, ukapozwa ghafla kwa maji na kusagwa. Wengine wanasema huko ni kumuuzia mtu takataka ndani ya kuta zake. Mimi naunga mkono, kwa sharti moja.

Saruji huanzia kwenye klinka, yaani madonge magumu yanayosagwa kuwa saruji, na klinka hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa hadi nyuzi joto 1,450 hivi. Wengi hudhani tatizo ni moto wa tanuri tu. Kumbe zaidi ya nusu ya kaboni dioksidi inatoka ndani ya jiwe lenyewe, na hata ukilichoma kwa umeme wa jua bado litaitoa. Saruji pekee inabeba kama asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu. Ukitaka kuipunguza kweli, punguza klinka.

Na zege halidhoofiki kwa hilo. Saruji ikikutana na maji hutoa gundi inayoshika mchanga na kokoto, lakini huacha pia chokaa isiyoongeza nguvu yoyote ya maana. Majivu yana silika inayoila chokaa hiyo na kuigeuza gundi ya ziada, ikaziba vitundu ambavyo maji na chumvi vingepitia. Waroma walilipata jambo hili kwenye majivu ya volkano, na kuba la Pantheon lina karibu miaka 1,900. Bwawa la Hungry Horse huko Montana, Marekani, lililokamilika mwaka 1953, lilimeza maelfu kwa maelfu ya tani za majivu ya makaa ya mawe. Waholanzi nao walijenga kizuizi cha bahari cha Oosterschelde, kilichofunguliwa mwaka 1986, kwa saruji yenye slagi nyingi, maana kazi yake ni kukaa kwenye maji ya chumvi.

Sasa sharti langu: muda. Zege hili halina haraka. Siku ya 7 liko nyuma ya zege la kawaida, siku ya 28 huenda bado linalifukuza, na kufikia siku ya 56 au 90 mara nyingi limeshalipita. Lakini mchemraba wa zege, yaani sampuli inayopasuliwa ili kupima nguvu, kwa kawaida huhukumiwa siku ya 28. Kulazimisha majivu bila kugusa ratiba ya kupima na ya kulimwagilia zege maji likomae ni kumtegea mkandarasi mtego, na anayenaswa ni mwenye nyumba.

Fundi wa zege
Mkuu, hapo kwenye muda umegusa kidonda. Niliwahi kumwaga slabu kwa saruji iliyochanganywa majivu, asilimia 30. Msimamizi akaamuru mirunda inayoishikilia kwa chini itolewe siku zilezile tulizozoea, na kumwagilia kukaishia siku ya tatu kwa sababu maji yalihitajika kwingine. Slabu ikanyong'onyea katikati na kupata nyufa. Kikao kizima kilisema majivu ni mabovu. Hakuna aliyetaja mirunda. Mimi ndiye niliyeitoa kwa mikono yangu, na hadi leo naumia kwamba sikukataa.

Mhandisi, mpinzani wa sheria hii
Sipingi majivu, napinga kulazimisha. Hiyo chokaa mnayoifurahia kuliwa ndiyo inayolinda nondo zisishike kutu. Ikipungua sana, hewa ukaa hupenya kwenye zege mapema na kinga ya nondo huondoka, hasa pale zege lisipomwagiliwa vya kutosha. Tena majivu hayafanani: mtambo mmoja leo unatoa safi, kesho yana kaboni ambayo haikuungua, nayo inanyonya dawa tunazotia kwenye zege.

Halafu yatatoka wapi? Uingereza ilizima mtambo wake wa mwisho wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Matanuri ya chuma nayo yanahamia kwenye umeme, na slagi ya tanuri la umeme si ileile. Mnataka kuandika sheria juu ya kitu tunachoomba kiishe!

Mzazi
Mimi si mtaalamu. Nimesikia majivu hayo yana arseniki na zebaki. Watoto wangu watalala ndani ya kuta hizo. Nijibiwe hilo kwanza.

Mleta mada
Mzazi, ni kweli, metali hizo zimo kwa kiasi kidogo. Zikishafungwa ndani ya zege lililokauka hazitoki kirahisi. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ililipima suala hilo na mwaka 2014 ikakubali majivu yatumike kwenye zege. Anayestahili kulindwa zaidi ni kibarua anayeyamimina yakiwa vumbi, na huyo apewe barakoa ya maana. Lakini fikiria pia yasipotumika. Desemba 2008 ukingo wa dimbwi la majivu ulipasuka Kingston, Tennessee, na tope la zaidi ya mita za ujazo milioni 4 likafunika ardhi na kuingia mtoni. Ningependa yawe kwenye nguzo ya daraja kuliko kwenye dimbwi juu ya mto.

Mhandisi, kuhusu nondo umenishinda kiasi. Kwenye nguzo nyembamba zinazopigwa na hewa kiwango kiwe cha chini, na zege linalofunika nondo liwe nene zaidi. Misingi mikubwa na mabwawa ni habari nyingine: kule joto la saruji ndilo linalopasua zege, na majivu hulipoza.

Kuhusu upatikanaji, umenibadilisha. Sheria isitaje majivu wala slagi. Iweke kikomo cha klinka na ubora wa zege, halafu mjenzi achague. Udongo wa kaolini ukichomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu hufanya kazi ya aina hiyohiyo, na hautegemei makaa ya mawe ya mtu yeyote.

Fundi wa zege
Nakubali. Ila siku za ziada za mirunda na maji nani analipa? Kibarua hawezi.

Mleta mada
Mwenye jengo. Na ziandikwe kwenye mkataba kabla mkandarasi hajataja bei: siku ya kutoa mirunda, siku za kumwagilia, siku ya kupasua mchemraba. Msimamizi akikuamuru utoe mapema, uwe na karatasi ya kumwonyesha.