Naomba ushauri: draiva ya diski inaishiwa bafa za DMA

Wakuu, habari zenu. Naandika draiva ya kadi ya diski kwenye Linux. Kwenye DMA (kadi kusoma na kuandika RAM yenyewe bila kupitia CPU), kadi inafikia anwani za biti 32 tu, yaani GB 4 za mwanzo; mashine ina RAM ya GB 16 na haina IOMMU (kifaa cha kuitafsiria kadi anwani za RAM), kwa hiyo data iliyo juu ya GB 4 yote inapitia swiotlb, yaani bafa za muda zilizo chini ya GB 4 ambamo kernel inanakili data ili kadi iifikie. Nikiandika mafaili makubwa, logi inalalamika bafa imejaa na kazi inakwama. Madogo hayana neno. Ukubwa wa swiotlb wa chaguo-msingi ni MB 64. Nimeweka swiotlb=65536, yaani vipande 65536 vya KB 2 kila kimoja, jumla MB 128. Nafuu ipo, ila nahisi natuliza homa tu. Je, nishushe max_sectors_kb (kikomo cha ukubwa wa ombi moja la diski), au nitenge bafa mapema kwa dma_alloc_coherent (fanksheni ya kernel ya kutenga kumbukumbu ambayo kadi inaifikia) nizitumie tena na tena? Aliyewahi kupambana na hili anishike mkono.