Fenton: rangi imetoka yote, lakini COD imepanda badala ya kushuka

binti_maabara

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Niko maabara ya kiwanda cha kutia rangi vitambaa vya pamba. Majitaka yetu ni zambarau nzito ambayo bakteria wa tangi la hewa hawaiwezi. Yanaingia zambarau, yanatoka zambarau. Nimepewa wiki mbili nioneshe kama uoksidishaji kwa njia ya Fenton, yaani peroksaidi ya hidrojeni ikichochewa na chuma, utatufaa.

Nilichukua lita 1 ya majitaka kwenye bika, nikashusha pH hadi 3 kwa asidi ya salfuriki. Nilisoma kuwa uzito wa chuma uwe sehemu 1 kwa 10 za peroksaidi, basi nikapima miligramu 200 za salfeti ya chuma, zile chembe za kijani, nikakoroga hadi zikayeyuka. Kisha nikatia mililita 5 za peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 35. Dakika kumi tu zambarau ikawa njano hafifu, nikaita wenzangu waje waone. Baada ya saa moja nikapandisha pH hadi 7, nikachuja, nikapima COD, yaani oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu wa majini kwa kemikali.

Majitaka ghafi: 850 mg/L. Yaliyotibiwa: 930. Nimerudia jaribio zima mara mbili zaidi, nikapata 925 na 940. Msimamizi ameniambia kwa upole kwamba pengine njia hii haifai kwa maji yetu. Mimi moyo unakataa, maana rangi imekatika nikiwa naiangalia. Ila sina cha kumjibu. Nianze kuchunguza wapi?

chujio_la_mchanga

Dada, rangi kupotea isikupe matumaini mengi. Rangi nyingi za pamba ni za jamii ya azo: molekuli ina nitrojeni mbili zilizoshikana, na hapo ndipo wekundu au zambarau inapotokea. Kifungo hicho huvunjika upesi sana. Vipande vinavyobaki havionekani kwa macho lakini vimo majini, na COD inavihesabu.

Hilo linaeleza kwa nini COD isishuke sana. Kwa nini imepanda, hapo sasa kuna jambo jingine. Je, ulipima peroksaidi iliyobaki kabla ya kupima COD?

mzee_wa_matangi

Marahaba binti yangu. Usikubali njia ikataliwe kwa namba hizo, maana hazipimi unachodhani zinapima.

Kipimo cha COD kinatumia daikrometi, na daikrometi haichagui. Ikikuta peroksaidi inaioksidisha pia, na wewe unasoma kana kwamba ni uchafu. Kila miligramu 1 ya peroksaidi iliyobaki inakuongezea karibu 0.47 ya COD. Ni hesabu ya kawaida tu, 16 gawanya kwa 34.

Sasa kwa nini ibaki nyingi hivyo? Lita moja ya peroksaidi ya asilimia 35 ina takriban gramu 400 za peroksaidi halisi, kwa hiyo mililita 5 zako ni miligramu 2,000. Kwa nadharia, COD ya 850 inahitaji peroksaidi 850 × 2.125 (34 gawanya kwa 16), yaani kama 1,800. Dozi yako ya peroksaidi ni ya busara.

Kosa liko kwenye chuma. Zile chembe za kijani zina molekuli saba za maji ndani yake, na chuma chenyewe ni sehemu moja tu ya tano ya uzito. Miligramu 200 ulizopima zilikupa miligramu 40 za chuma. Ulitaka 1 kwa 10, ukapata 1 kwa 50. Kwa saa moja chuma kidogo namna hiyo hakikuwahi kuivunja peroksaidi yote. Ulipopandisha pH kikaganda, kazi ikasimama, peroksaidi ikapita kwenye chujio lako kama maji.

Rudia kwa gramu 1 ya chembe. Iache saa mbili, pandisha pH hadi 8.5, funika bika kwa karatasi tu (isizibe, oksijeni inatoka), ilale hadi asubuhi. Usipime COD mpaka karatasi za kupimia peroksaidi zioneshe sifuri. Wapo watakaokwambia uiue kwa baisalfaiti ya sodiamu. Ukizidisha hata kidogo, nayo inahesabika kama COD, na utarudi ulipoanza.

Hili la mwisho nakuomba ulichukue kwa uzito kabla hujahamia kwenye tangi. Asidi kwanza, chuma pili, peroksaidi mwisho na kidogo kidogo, kwa sababu inatoa joto na povu. Chembe za chuma zisikaribie pipa la peroksaidi, wala kijiko kilichoshika chuma kisiingie humo. Mahali nilipofanya kazi zamani, fundi alifunga vali mbili za bomba la peroksaidi, kipande cha katikati kikabaki kimejaa. Peroksaidi huoza yenyewe polepole ikitoa oksijeni, na oksijeni ile haikuwa na pa kutokea. Bomba lilipasuka usiku. Mtu aliyekuwa zamu alikuwa ametoka pale dakika chache kabla, na hadi leo nikimkumbuka namshukuru Mungu. Kila kipande kinachoweza kufungwa pande zote mbili lazima kiwe na vali ya kupumulia.

chujio_la_mchanga

Naongeza la chumvi. Rangi za pamba hutiwa na chumvi nyingi na magadi. Magadi hayakusumbui ukiwa pH 3, yanatoka kama kaboni daioksaidi, ila koroga hadi povu liishe ndipo usome pH. Kloraidi ya chumvi ndiyo mkorofi: inanyang'anya radikali za haidroksili (molekuli kali zinazozaliwa peroksaidi ikikutana na chuma, ndizo zinazovunja uchafu) kazi yake, na inapandisha COD pia usipotia salfeti ya zebaki ya kutosha kwenye kipimo. Ipime.

binti_maabara

Nimerudi, na nina furaha.

Kwanza niliyachukua yale maji ya juzi niliyokuwa nimeyahifadhi kwenye friji. Karatasi ya peroksaidi iligeuka rangi kupita mwisho wa kipimo. Nikayazimua mara kumi, ikasoma kati ya 50 na 100. Yaani yalibaki kati ya 500 na 1,000 mg/L. Nikichukua 800, ni COD 376 ya uongo, kwa hiyo COD ya kweli ilikuwa kama 550. Njia ilikuwa inafanya kazi tangu siku ya kwanza!

Nimerudia kwa gramu 1 ya chembe kama ulivyosema, mzee. Asubuhi karatasi ilisoma sifuri, COD 340. Kloraidi nimepima, na salfeti ya zebaki niliyotumia inaitosha.

Sasa linalonitisha ni tope. Chini ya bika kuna tabaka jekundu kama robo ya kina. Matangi yetu ni ya mita za ujazo 50.

mzee_wa_matangi

Vizuri sana. Tope usilikadirie kwa macho, linabeba maji mengi. Miligramu 200 za chuma kwa kila lita zinakupa karibu 380 za haidroksaidi ya chuma, basi tangi la mita 50 ni kilo 19 za tope kavu. Ukilikamua hadi asilimia 20 ya ukavu, ni kilo 95 hivi za kubeba kila tangi.

Linapungua ukipunguza chuma na kuongeza muda. Panga bika nne: chembe miligramu 400, 600, 800 na 1,000, zote kwa muda wa saa nne. Tazama ni ipi ya chini kabisa inayomaliza peroksaidi. Halafu peleka maji ya bika hiyo kwa bakteria wako, BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huitumia kula uchafu, ipimwe kabla na baada ya Fenton. Ikiwa vile vipande sasa vinaliwa, huna haja ya kuishusha COD yote kwa kemikali.

binti_maabara

Bika nne zinaanza kesho saa mbili asubuhi. Msimamizi ameomba awepo.