Honvéd ya Budapest: ubingwa ni 13 au 14? Mbona 1950 imeandikwa mara mbili?

Daftari la Ligi
Wakuu, napanga orodha ya mabingwa wa Hungaria na Honvéd inanivurugia hesabu. Mwaka 1950 unatokea mara mbili. Halafu 1951 na 1953, wakati Puskás, nyota wa Honvéd, na wenzake wako moto, bingwa ni Bástya na Vörös Lobogó, timu ambazo siku hizi sizioni popote. Mwaka 1956 ni patupu. Ubingwa wao ni 13 au 14? Na Kispest iliyokuwepo kabla yao ni klabu hiyohiyo au nyingine?

Kiungo wa Chini
Mkuu, ni 14. Usiufute huo wa pili wa 1950, ni halali.

Msimu wa 1949–50 ulichezwa kama kawaida, kuanzia vuli hadi kiangazi, na Honvéd akachukua. Baada ya hapo wakaamua ligi ifuate mwaka wa kalenda, ianze majira ya kuchipua na kuisha vuli. Miezi iliyobaki ya 1950 ikajazwa na ligi fupi ambayo kila timu ilikutana na mwenzake mara moja tu. Honvéd akaichukua nayo, Puskás akiwa mfungaji bora kwa mabao 25. Kwa hiyo andika "1949–50" na "1950 vuli" kwenye mistari miwili. Utakutana na mtego huohuo mwaka 1957, Vasas walipochukua ligi fupi, na vuli ya 1963, ilipokuwa zamu ya timu ya Győr. Ukitumia mwaka peke yake kama utambulisho wa msimu, lazima utapoteza bingwa mmoja mahali.

Orodha kamili ya Honvéd: 1949–50, 1950 vuli, 1952, 1954, 1955, 1979–80, 1983–84, 1984–85, 1985–86, 1987–88, 1988–89, 1990–91, 1992–93, 2016–17.

Kispest ndiyo hiyohiyo. Ilianzishwa 1909 katika mji wa Kispest, ambao uliunganishwa na Budapest mwaka 1950. Jeshi liliichukua klabu msimu wa 1949–50 ukiendelea, ndipo ikaitwa Honvéd, yaani mlinzi wa nchi, jina la askari wa Hungaria. Kombe la Hungaria la 1926 liweke kwao pia, ingawa limeandikwa Kispest. Na kati ya 1991 na 2003 utaona "Kispest-Honvéd". Usifungue faili jipya.

Jedwali la Zamani
Naongezea kuhusu majina, maana hapo ndipo orodha nyingi zinapoharibika. Bástya wa 1951 na Vörös Lobogó wa 1953 ni klabu moja: MTK. Serikali ilipokabidhi klabu kwa wizara, polisi na vyama vya wafanyakazi, majina yalibadilishwa ovyo. Ferencváros ilikuwa ÉDOSZ, kisha Kinizsi, na hata rangi yake ya kijani ikaondolewa. Újpest ikawa Dózsa. Ukikuta Kinizsi kwenye jedwali la 1952, ni Ferencváros huyohuyo.

Hili pia linaeleza nguvu ya Honvéd. Puskás na Bozsik walikuwa watoto wa Kispest. Puskás alishafunga mabao 50 msimu wa 1947–48, kabla jeshi halijaingia. Wengine waliletwa baadaye: Kocsis na Budai kutoka Ferencváros, kipa Grosics kutoka Teherfuvar, Czibor akaja 1953. Lakini MTK hawakuwa wanyonge. Hidegkuti, aliyefunga matatu Wembley Hungaria ilipoifunga Uingereza 6–3 Novemba 1953, alikuwa wao.

Mwaka 1956 uache wazi. Mapinduzi yalianza Oktoba 23 na ligi haikumalizika. Usimpe mtu ubingwa kwa kuangalia nani alikuwa anaongoza.

Daftari la Ligi
Asanteni sana. Basi Honvéd kama bingwa wa 1954 alicheza Kombe la Ulaya la kwanza (siku hizi Ligi ya Mabingwa), 1955–56?

Jedwali la Zamani
Hapana, hilo ni kosa la kawaida. Hungaria iliwakilishwa na Vörös Lobogó, yaani MTK, waliowatoa Anderlecht kisha wakatolewa na Reims. Honvéd mchango wao ulikuwa mechi ya kirafiki kwa Wolves ya Uingereza, Desemba 13, 1954. Waliongoza 2–0 hadi mapumziko, wakafungwa 3–2. Kocha wa Wolves, Stan Cullis, aliagiza uwanja umwagiwe maji, na kipindi cha pili pasi fupi za Honvéd zikazama kwenye tope. Magazeti ya Uingereza yakawaita Wolves mabingwa wa dunia, Gabriel Hanot wa L'Équipe, gazeti la michezo la Ufaransa, akapinga, na kutoka kwenye ubishi huo Kombe la Ulaya likazaliwa.

Honvéd waliingia 1956–57. Walifungwa ugenini na Athletic Bilbao ya Hispania 2–3. Kwa sababu ya mapinduzi, marudiano hayakuwezekana Budapest, yakachezwa Brussels Desemba 20, 3–3. Kipa Faragó aliumia, na kubadilisha mchezaji hakukuruhusiwa, hivyo winga Czibor akakaa golini. Jumla 5–6. Baada ya ziara ya Brazil, Bozsik alirudi nyumbani. Puskás akaishia Real Madrid, Kocsis na Czibor Barcelona. Ubingwa uliofuata ukasubiri hadi 1980.

Kiungo wa Chini
Ukitaka kuandika pia miaka Honvéd waliyoshuka daraja: 2003, wakarudi 2004, kisha 2023. Ubingwa wa 2017 ulikuja baada ya miaka 24, chini ya Marco Rossi. Siku ya mwisho waliwapokea Videoton wakiwa na pointi sawa, wakashinda 1–0, bao la Eppel.