Rangi ya msikiti wa Dimbani (kikundi cha ukoo)

Kaka Fuoni: Assalamu alaykum. Ramadhani hiyo inabisha hodi. Nashauri tuchange madebe ya rangi ya mafuta, nyeupe, tuupelekee msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, kusini Unguja.

Shangazi: Waalaykumu salaam. Mashaallah! Elfu ishirini yangu naituma leo.

Ami Mkubwa: Nia njema, Mungu akulipe. Ila rangi ya mafuta hapana, mwanangu. Ukuta ule ni mawe na chokaa. Unyevu hupanda kutoka chini ukatokea ukutani. Ukiuziba kwa rangi unabaki ndani, chumvi inakula plasta.

Kaka Fuoni: Mbona mjini wanapaka, Ami?

Ami Mkubwa: Na zinabanduka mapande mapande. Umesahau chumba cha uani kwa babu yako?

Mjomba Maskati: Mimi hofu yangu kibla, pale anaposimama imamu. Asije mtu na brashi akaziba yale maandishi yaliyochongwa pale!

Mdogo: 📷 Nipo hapa kibla sasa hivi, nimeswali Dhuhuri. Ami, Kurani nimekhitimu lakini hii imenishinda hata neno moja.

Ami Mkubwa: Hiyo ni Kufi, hati ya kale ya Kiarabu, haina nukta, na ncha za herufi zimechipuka majani. Tazama vizuri ukingo wa lile jani, ni tumbawe hilo. Mafundi walilichonga bichi, limetoka baharini laini, likikauka ndipo linakuwa jiwe. Limeandikwa Jumapili, Mfunguo Pili, mwaka 500 Hijria. Ndiyo 1107 Miladia! Yapo na maandishi mengine ya 1184 Hijria, yapata 1770 Miladia, msikiti ulipojengwa upya. Kwa hiyo kuta nyingi unazoziona ni za mara ya pili, lakini herufi hizo zimeshapita miaka mia tisa.

Mdogo: Subhanallah. Na nje ukitazama ni mabati tu. Watalii wanapita mbio kwenda kwenye pomboo.

Shangazi: Na makaburi ya nje usiyapite hivi hivi, wasomee Fatiha.

Kaka Fuoni: Nimeelewa, Ami. Rangi naiacha. Nitafute fundi wa chokaa?

Ami Mkubwa: Kwanza kamati ya msikiti, halafu watu wa idara ya Mambo ya Kale. Bila ruhusa yao usiguse hata msumari. Wakikubali, iwe chokaa iliyorowekwa ikaiva, si ya kutiwa saruji. Na kibla ifunikwe kitambaa siku ya kazi.

Mjomba Maskati: Kitambaa changu hicho.

Shangazi: Basi elfu ishirini yangu iandikeni chokaa.

Mdogo: Nimeshatoka, niko makaburini. Kamati nitawaona baada ya Alasiri, Kaka.