Suti ile ile: 15,500 kwangu, 9,000 kwa mdogo wangu aliyevaa ndara

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Koti limerudi kutoka kwa dobi na malengelenge kifuani, utadhani limemwagikiwa uji wa moto. Nimelivaa siku moja. Moja tu, tulipopeleka mahari ya mdogo wangu kule Kirinyaga, na nusu ya siku hiyo lilikuwa limening'inia mgongoni mwa kiti kwa sababu ya joto. Shilingi elfu kumi na tano na mia tano. Nimeiandika kwa maneno makusudi, ili iniume vizuri.

Najua kuna mtu tayari anaandika "si ungeenda maduka makubwa ya Westlands." Tuliyakataa kwa hiari yetu. Mdogo wangu anaoa, mimi ndiye mpambe wake, na tulikubaliana kwamba pesa ya mavazi iende kwa watu wadogo: yule anayeuza dukani mwake mwenyewe, yule anayeshona mwenyewe. Jumamosi tatu tumetembea. Tunaanzia pale Archives, katikati ya Nairobi, tunapanda Tom Mboya, tunashuka River Road, tunavuka kwenda Biashara Street, na Jumamosi ya tatu tukaishia Gikomba, soko la mitumba. Miguu inajua.

Sasa sikiliza jinsi suti inavyouzwa katika mji huu.

Hujafika hata mlangoni. Kijana anakushika kiwiko barabarani: "Mkubwa, suti? Ingia uone tu, kuangalia ni bure." Anakupandisha ngazi za jengo lililokatwakatwa vibanda, kile kinachoitwa eksibisheni, kila kibanda na kioo chake na sanamu zake zisizo na vichwa. Humo kuna vijana wawili wengine. Kizuri chajiuza, wazee walisema, lakini hiki changu kiliuzwa na watu watatu. Mmoja ananivisha, mmoja ananisifu, wa tatu kasimama mlangoni nisitoke.

Nauliza bei. Hakuna anayejibu. Mwenye duka ananitazama kwanza. Naapa nilimwona: alianza na viatu, akapanda kwenye saa, akaishia kwenye kitambulisho cha kazini nilichosahau kukivua shingoni. Ndipo akasema elfu kumi na nane, "lakini kwa sababu ni wewe tutaongea." Kwa sababu ni mimi nani? Tulikuwa na dakika nne tangu tujuane.

Tukaongea. Nikashusha hadi 15,500 na nikajiona mjanja. Alinihakikishia kwamba ni ya Uturuki, sufu tupu, na lebo ilisema hivyo, yenye "Super 150" kwa nyuzi za dhahabu. Nikalipa kwa M-Pesa. Ujumbe uliporudi ulikuwa na jina la duka la vifuniko vya simu. Hapo ndipo ningepaswa kusimama, nakubali. Nilikuwa na haraka, mvua ilikuwa inanukia.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu alipita jengo hilo hilo akitoka gereji kwa rafiki yake, ndara miguuni, grisi kwenye suruali. Aliona suti kama yangu, rangi hiyo hiyo ya bluu iliyoiva, kwenye kibanda kile kile. Akauliza, kwa uchokozi tu. Kumi na moja. Akasema hana. Kenda. Akaondoka, wakamfuata hadi ngazini: "Buda, leta nane na nusu." Alinipigia simu akiwa anacheka hadi anakohoa. Mimi sikucheka.

Kupatana bei si dhambi, nimekulia sokoni, mama yangu angeweza kumshusha muuza nyanya mpaka mtu aone huruma. Lakini nyanya naiona, naibonyeza, najua nyanya ya jana. Suti imefichwa ndani. Mwenye kuijua ni yeye peke yake, na bei ameishika kinywani badala ya kuiandika. Hapo tunapatana vipi? Huko ni kupapasana gizani na mwenzako ameshika tochi.

Baada ya malengelenge nilimpelekea fundi mmoja mzee anayefanya kazi kwenye korido huko nyuma ya River Road, cherehani moja na kiti kimoja. Hakunilaumu, alinionyesha tu. Alilibana koti kwa vidole viwili chini ya tundu la kifungo, akavuta nyuso mbili kando. "Hapa katikati ungesikia kitambaa cha tatu kikiteleza peke yake," akasema. Hakuna kilichoteleza. Koti zuri lina kanvasi ndani ya kifua, imeshikiliwa kwa mishono, nayo hucheza na mwili. Langu lilikuwa limebandikwa kitambaa kigumu kwa gundi na pasi. Joto na dawa za dobi vikaachanisha gundi, hewa ikaingia, ndiyo hayo malengelenge. Hayatoki. Ukipiga pasi yanalala, ukivaa yanaamka.

Tuwe wa haki: gundi peke yake si wizi. Suti nyingi za bei nafuu duniani zimebandikwa, na kubandika kuzuri kunadumu miaka. Ninachodai ni kwamba niambiwe, na nitozwe bei ya gundi.

Kisha mzee akachomoa uzi ndani ya pindo la suruali, akauwasha kwa kiberiti. Sufu ikiungua hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kidoleni. Uzi wangu uliyeyuka, ukadondosha tone jeusi gumu kama shanga, na korido nzima ikanuka mfuko wa plastiki. Sufu tupu! Hiyo namba ya "Super" inapima wembamba wa nyuzi za sufu. Kwenye poliesta haina maana yoyote, ni kama kuandika kiwango cha siagi kwenye debe la mafuta ya taa. Na chini ya ile lebo ya Uturuki, mzee akanionyesha matundu madogo ya mshono mwingine. Palikuwa na lebo nyingine kabla yake.

Wapo wafanyabiashara wa Nairobi wanaosafiri kweli hadi Istanbul, wanazunguka Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, wanabeba mzigo na kulipia ushuru. Hao ndio wanaoibiwa zaidi kuliko mimi. Ukishauziwa Uturuki ya uongo mara moja, utamwamini nani mwenye ya kweli?

Nilirudi dukani. Yule mwenye duka, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa ananiita mkubwa, hakunikumbuka. Akanikumbuka nilipotoa simu na kuonyesha malipo. "Dobi wako ndiye mbaya." Nikamwonyesha matundu ya lebo. "Hivyo ndivyo inavyotoka kiwandani." Nikaomba nusu ya pesa. Akanyoosha kidole ukutani, kwenye karatasi iliyopigwa laminesheni: bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala kubadilishwa. Ona maajabu: ukuta huo hauna nafasi ya bei hata moja, lakini nafasi ya karatasi hiyo ilipatikana!

Mmoja wa wale vijana alinifuata nje, nadhani aliona aibu. Tukaongea tukiwa tumesimama ngazini. Akaniambia yule aliyenishika kiwiko barabarani si wa duka hilo, ni dalali, anapeleka wateja vibanda kumi na ana chake kwa kila suti. Akaniambia pia kwamba suti yangu haikuwa yao. Nakumbuka sasa: nilipotaka saizi 42 kijana alisema "subiri dakika moja," akatoka mbio, akarudi anahema. Alikuwa ameichukua kwa jirani. Kwa hiyo bei yangu ilimbeba jirani, ikambeba mwenye duka, ikambeba dalali, na juu ya wote kodi ya kibanda na ile pesa ya kuingilia ambayo mpangaji hutoa kabla hajauza hata soksi. Nilimwelewa. Nilimhurumia kidogo. Ila hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeniomba mchango waziwazi.

Na msinidanganye kwamba haiwezekani kufanya vingine. Pale Biashara Street, mtaa uliokuwa ukiitwa Bazaar zamani, tuliingia duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi. Kila jora lina kijikaratasi kilichobanwa kwa pini: bei kwa mita, na kitambaa ni nini. Nikamuuliza kimoja kama ni sufu. Akaninyamazisha kwa mkono: "Hapana bwana, hii ni mchanganyiko, poliesta nyingi. Sufu iko kule juu, lakini wewe hapana taka hiyo bei." Nusura nimkumbatie. Alijipotezea mauzo ya bei ghali kwa sentensi moja na nimeshampelekea wateja wanne.

Gikomba nako, mahali watu wa mjini wanapashikia pua. Mtumba unafunguliwa alfajiri mbele ya macho ya kila mtu. Kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, inatangazwa kuwa kamera; fagia, zile za mwisho kabisa, inatangazwa kuwa fagia. Nilipata koti la zamani la sufu kwa 1,200, lililoshonwa Uingereza. Nililibana chini ya tundu la kifungo kama nilivyofundishwa na nikasikia kitambaa cha tatu kikiteleza. Fundi wa kando akataja bei kabla hajashika hata pini: kiuno 300, mikono 250. Soko ambalo limeungua mara nyingi kiasi hicho, ambalo mwenye kibanda halali bila hofu ya moto, ndilo lililonitajia bei bila kunitazama miguu.

Kuhusu fundi wa Kaunda suti ya bwana harusi nitasema kwa ufupi kwa sababu nikiendelea nitatukana. Tangu Rais Ruto azipende, kila fundi amebandika picha mlangoni. Spika alizipiga marufuku Bungeni Novemba 2023, lakini mdogo wangu haendi Bungeni, anaenda kanisani, kwa hiyo tukatoa oda na tukalipa nusu. "Njoo Jumanne." Jumanne, stima imepotea. "Njoo Ijumaa." Ijumaa, aliyekuwa anakata amefiwa. Alhamisi iliyofuata nilikuta kitambaa chetu bado kimekunjwa vile vile nilivyokikunja mimi, na chaki haijagusa. Angesema tu ana oda nyingi. Tungesubiri au tungeondoka.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Asanteni kwa majibu, hata ya matusi.

Aliyesema "mteja ajihadhari mwenyewe," soma Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010. Mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika nazo, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Ile karatasi ya laminesheni haiko juu ya Katiba.

Aliyeuliza nitafanya nini: kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani mwaka 2021. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Nina ujumbe wa M-Pesa, nina koti, nina uzi ulioyeyuka kwenye bahasha. Tatizo langu ni moja, sijui nimshtaki nani, kwa maana risiti iko kwa jina la muuza vifuniko vya simu. Kama kuna mtu amewahi kukwama hapo akafunguka, aniandikie.

Na wewe uliyesema mimi nawachukia wenye maduka madogo: ndugu yangu, ningekuwa nawachukia ningeshanyamaza na kwenda Westlands.

Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Koti la Gikomba ni la kijivu, wenzangu wote watavaa bluu, bibi harusi ameshasema hapana na mama yake pia. Nahitaji koti la bluu iliyoiva, saizi 42, bega pana, mikono ya kupunguza. Ukijua duka lenye bei iliyoandikwa, hata kwa kalamu ya mkaa, taja mtaa, jengo na ghorofa. Nitaenda na ndara.